Masika ya Kufuta Nakala

Jumanne, 1 Machi 2011

Hii shajara ni ya mwaka jana. Duka la pembejeo lilikuwa linazigawa bure kwa sababu hakuna aliyezitaka, nikachukua moja. Kila ukurasa inabidi nikate jina la siku lililochapwa na kuandika la kweli. Sioni tabu, kurekebisha ndiyo kazi yangu.

Mimi ni Tekla, mzaliwa wa Endasak, fundi picha kwenye studio ya mzee Halfani hapa Katesh. Yeye anapiga harusi na vipaimara, mimi nakaa kwenye kompyuta nasafisha. Zamani kusafisha picha kulikuwa na dawa na chumba cha giza. Siku hizi ni kufuta chunusi, kung'arisha uso, na kumwondoa mbuzi aliyepita nyuma ya bibi harusi. Mtu wa hapa akijiona alivyo anasema kamera imemwonea.

Kinachonichosha ni nakala. Kila nikisafisha picha naogopa kuharibu, basi naihifadhi pembeni kwa jina jingine. Mzee Halfani anapita nyuma yangu anasema ng'arisha kidogo, naihifadhi tena. Keki ya harusi ya Violeth iko mara tano: keki, keki kopi, keki mwisho, keki mwisho kabisa, keki mwisho kabisa 2. Ukiniuliza ipi ilichapwa, sijui. Leo kompyuta imegoma, inasema imejaa. Mzee Halfani amesema, "Tekla, futa kopi," kana kwamba kopi zimepigwa chapa kama ng'ombe.

Umeme umekatika tena, mgao. Naandika haya kwa mwanga wa mlangoni.

Ijumaa, 4 Machi

Mvua. Nimefuta keki nne.

Jumatatu, 7 Machi

Nimegundua jambo la kunipunguzia kazi. Programu yetu ina kitufe cha kurudisha. Ukisafisha picha ukaihifadhi palepale, bila kuipa jina jingine, bado ukibonyeza hicho kitufe inarudi ilivyokuwa siku ya kwanza, na chunusi zake zote. Sijui inaitoa wapi na sikuuliza. Kuanzia leo nahifadhi palepale. Nakala hazitazaliwa tena.

Alhamisi, 10 Machi

Mnada. Mji mzima ni matope na ng'ombe. Mzee Halfani amekwenda Dongobesh kwa shughuli ya ndugu zake, kwa hiyo leo mimi ndiye nimepiga.

Mchana ameingia Mbarbaig mmoja wa kule vijijini mbele ya Gehandu, anaitwa Gidahosh, ana umri wa kunizidi kidogo. Amemleta mama yake apigwe picha, ya kwanza maishani mwake. Nimemwamkia yule mama shikamoo, mwanawe akamtafsiria, akaitika kwa kichwa. Ana bangili za shaba mkono mzima, na kuzunguka macho ana zile chale za kina mama wa kwao, vinundu vidogo vilivyopangwa kwa duara, safu ndani ya safu. Amekataa kuweka fimbo chini. Amekataa pia pazia la nyuma lenye maporomoko ya maji, akataka pazia jeupe. Ameitazama kamera kama mtu anayeangalia mnunuzi asiyejua ng'ombe.

Nimebonyeza mara moja tu, akasimama, kwake imeisha. Kwenye risiti nimeandika Gidahosh. Jina la mama sikuuliza. Nje walikuwa wananisubiri wengine, na viatu vyangu vilikuwa vimelowa tangu asubuhi.

Ijumaa, 11 Machi

Leo umeme umekuwepo mchana kutwa, nimesafisha za mnada zote. Brashi ya kulainisha haijui chunusi ni ipi na chale ni ipi. Mimi ninayeishika najua, lakini nilikuwa nawaza mahindi ya Endasak ambayo mama anapalilia peke yake kwa sababu mimi niko huku nawapaka watu weupe. Nimepita na brashi uso mzima wa yule mama wa Kibarbaig. Nilipomaliza alikuwa mwanamke laini wa makamo asiye na kabila. Mzee Halfani, aliyerudi jana usiku, amemwangalia akasema sasa amekuwa bibi harusi. Nikahifadhi palepale.

Jumanne, 15 Machi

Hakuna umeme. Kwaresima, hakuna harusi. Nimefagia studio mara mbili.

Jumamosi, 19 Machi

Mvua. Mlima Hanang sijauona wiki nzima, wingu limekaa juu yake kama mgeni asiyeaga.

Alhamisi, 31 Machi

Mnada. Gidahosh amekuja kuchukua picha. Ameishika kwa ncha za vidole, ameitazama, akaigeuza akatazama nyuma ya karatasi, akaigeuza tena.

"Dada," ameniambia, "mama yangu yuko wapi hapa?"

Nimecheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Nimemweleza kwamba ndivyo picha zinavyosafishwa, kila mtu anafanyiwa, hata wake za wakubwa. Amesema anaelewa, lakini yeye hakuleta mama mchafu, hivyo haoni alikuwa anasafishwa nini. Anataka nyingine, mama kama alivyo. Amesema kwa upole, na upole wake umenichosha zaidi kuliko kama angefoka.

Nimemwambia hiyo ni kazi ndogo, ni kubonyeza kitufe tu, mama anarudi na chale zake. Ila umeme hakuna, basi aje mnada ujao. Amesema mama anakohoa siku hizi, angependa asichelewe. Nimempa pole. Wateja wote wana haraka, na kila mwenye haraka ana mgonjwa nyumbani. Hayo nimeyawaza wakati anatoka, na nayaandika ili nijue nilivyo siku nikiwa nimechoka.

Jumanne, 5 Aprili

Virusi. Vimekuja na flashi ya wanakwaya waliotaka picha za kipaimara. Folda zote zimegeuka njia za mkato zisizokwenda popote, ukibonyeza unapelekwa kwenye ukuta. Kazi ya miaka mitatu haionekani. Mzee Halfani amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia mkononi. Tumempigia Modest, fundi wa kompyuta wa Babati.

Jumatano, 6 Aprili

Modest amekuja na basi la asubuhi, kijana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye. Amefanya kazi hadi mchana. Amesema virusi havikufuta kitu, vilivificha tu, kwa hiyo ameiamuru kompyuta ionyeshe kila kilichofichwa. Picha zetu zote zimerudi. Mzee Halfani amemwombea dua ndefu, Modest akawahi basi.

Baada ya kuondoka ndipo nikaona. Ndani ya kila folda kuna folda nyingine, yenye rangi iliyofifia, ambayo sikuwahi kuiona. Nikafungua ya harusi ya Violeth: picha zilezile, majina yaleyale, keki ileile. Nikafungua ya kipaimara: watoto walewale. Nikafungua ya mnada: watu walewale. Nusu ya kompyuta, nakala. Tangu mwanzo wa masika nafuta moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, kumbe gunia zima la mawe lilikuwa uvunguni.

Nitaandika kwa ukweli nilichofanya. Sikufuta kama kipofu. Nilifungua chache nikaona kwamba hizi za rangi iliyofifia zilikuwa ni zile za kabla ya kusafishwa. Chunusi zipo, mbuzi yupo. Nikajiambia, nani amewahi kurudi studio kudai picha isiyosafishwa? Na hata akirudi, kitufe cha kurudisha kipo. Nikamwita mzee Halfani, akaangalia, akasema, "Si nilikwambia ufute kopi?" Nikafuta folda moja baada ya nyingine mpaka kiganja kikauma. Halafu nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, ili kazi iwe imeisha kweli.

Nilikuwa na furaha. Nayaandika hayo pia.

Alhamisi, 7 Aprili

Kompyuta inakimbia. Mzee Halfani amenipa soda baridi bila kuombwa.

Alhamisi, 14 Aprili

Mnada. Mvua kubwa, njia ya Gehandu imekatika. Gidahosh hajaja.

Jumapili, 24 Aprili

Pasaka. Nimekwenda nyumbani Endasak. Mama amenitazama akasema nimezeeka macho. Nimelala mchana kutwa mpaka majirani wakauliza kama naumwa.

Jumamosi, 30 Aprili

Harusi tatu kwa siku moja, na jana mbili. Kwaresima ilikuwa imewafungia watu wote, sasa wamefunguliwa kwa pamoja. Kompyuta imeanza tena kujaa. Sina nguvu ya kuandika.

Jumanne, 3 Mei

Si siku ya mnada, lakini Gidahosh amekuja. Amepanga foleni nyuma ya maharusi na watoto wa ubarikio wa Kilutheri. Zamu yake ilipofika amesema mama alifariki juma la Pasaka, kifua kilimshinda. Walishamzika. Mdogo wake wa kiume yuko Mererani kwenye machimbo, hakuwahi kufika, na watoto wake yeye mwenyewe bado ni wadogo, watasahau. Ile picha niliyompa hakuna anayemtambua aliyemo. Sasa anataka ile ya kitufe, kubwa, ya kutundika.

Nimempa pole, na safari hii niliisikia ikitoka. Nikafungua picha, nikabonyeza kitufe. Hakikubonyezeka. Kilikuwa kimefifia, kama maandishi yaliyofuliwa. Nikafungua picha nyingine ya siku ile, kimefifia. Ya harusi ya Violeth, kimefifia.

Nimemwambia umeme leo ni mdogo, hautoshi kuchapa picha kubwa. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Aliitazama, akaniambia atalala kwa ndugu yake hapa mjini, atarudi kesho.

Jumatano, 4 Mei

Asubuhi nimempigia Modest, nikamweleza kitufe kimekufa. Ameuliza kama nimegusa zile folda zilizofifia. Nikamwambia nimezifuta, zilikuwa kopi.

"Dada Tekla," amesema, "kitufe kilikuwa kinazitoa humo. Programu ilikuwa inakuwekea picha yenyewe pembeni na kuificha ili usiiharibu. Ulizofuta ndizo picha. Ulizobaki nazo ndizo kopi."

Nimemuuliza kama haziwezi kufukuliwa. Amesema siku ileile pengine zingepatikana, lakini tumeshaweka harusi tano juu yake, ni sawa na kulima juu ya kaburi. Memori ya kamera nayo imeshapiga watu wengine mara nyingi.

Mzee Halfani alikuwa amesikia. Amefunga mlango akaniambia tumwambie Mbarbaig kwamba virusi vimeikula. Virusi vilikuja kweli, mji mzima unajua, hakuna atakayeshangaa. Hakusema kwa ubaya. Ameendesha biashara tangu enzi za duka la ushirika na anajua kumtuliza mteja. Ningekuwa na nguvu ya kutunga uongo ningemfuata. Nilikuwa nimechoka mno kuukumbuka kesho yake.

Gidahosh alipokuja nimemwambia mimi ndiye niliyeifuta. Nimemweleza yote, folda, kitufe, na kwamba aliniomba Machi nami nikamwambia aje mnada ujao. Watu wetu wa Endasak na watu wao wameporana ng'ombe tangu enzi za mababu, na baba yangu alikuwa akisema Mbarbaig hasamehi. Nilikaa nikisubiri. Alikuwa akiangalia kioo cha kompyuta, pale mama yake alipokuwa amekaa na fimbo yake, laini kama sabuni iliyotumika.

"Alama ulizitoa wewe kwa mkono wako?" ameuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Basi zirudishe kwa mkono wako," amesema, akavaa koti lake.

Jumapili, 8 Mei

Sikwenda kanisani. Nimejaribu kuzichora.

Jumatano, 11 Mei

Siku nne hizi nikienda sokoni nawakodolea macho kina mama wa Kibarbaig mpaka mmoja akaniuliza kama ananidai. Nikirudi nachora. Nukta ndogo, kivuli upande mmoja, mwanga upande wa pili, ionekane imeinuka. Nikikosea nahifadhi pembeni. Mama kopi, mama mwisho, mama mwisho kabisa. Nimerudi nilikoanzia.

Alhamisi, 12 Mei

Mnada. Nimemwonyesha Gidahosh. Mimi niliona nimefanya kazi nzuri, na mzee Halfani alisema hata yeye asingejua. Gidahosh ametazama kwa adabu.

"Hizi ni alama," amesema, "lakini si zake. Umempa mama uso wa jirani."

Nilitamani kulala pale chini kwenye sakafu. Nimemuuliza zake zilikuwaje, aniambie safu ngapi, zinaanzia wapi. Alinyanyua kidole kwenye jicho lake mwenyewe, akakishusha. Hajui. Amemtazama mama yake maisha yake yote na hawezi kuzitaja, anajua tu pale zinapokosewa. Hapo ndipo macho yake yakajaa maji, mbele ya wateja, na nikageuza kiti ili asionekane.

Baadaye amesema yuko mama yake mdogo, mbele ya Gehandu, wa tumbo moja na mama. Pengine yeye anakumbuka. Ni mzee, hawezi kuja mjini. Nikasema basi mimi nitakwenda, ingawa nilijua mzee Halfani hatakubali, Alhamisi ijayo tuna mahafali.

Mzee Halfani, aliyekuwa anajifanya anapanga fremu, amesema mahafali yana wapiga picha wengine. Amesema atanipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Miaka yote namfanyia kazi mtu huyu na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona anaacha kazi ipite.

Jumanne, 17 Mei

Nimechapa yule mama laini kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizo nazo. Nimeiviringisha kwenye nailoni.

Alhamisi, 19 Mei

Tumetoka alfajiri, mvua ikiwa imepumzika. Mzee Halfani anaendesha kama anavyoongea, kwa uhakika na bila kuangalia. Mbele ya Gehandu pikipiki imelala kwenye matope, naye akalala nayo, kanzu nyeupe na yote. Nilibaki nimesimama nimekumbatia karatasi na kamera. Aliniambia nisimtazame hivyo, kama nina brashi nimsafishe. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi Machi.

Gidahosh alitungojea njiani akatufikisha. Mama yake mdogo alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba, anachambua ulezi kwenye ungo. Ni mama mdogo tu kwa kuzaliwa, kwa sura ni mzee sana. Alibatizwa uzeeni akapewa jina la Konsolata, nalo ndilo alilonitajia, kwa fahari. Tumemwamkia, tumepewa maziwa, tumeulizwa habari za mvua, za ng'ombe na za watu wangu wa Endasak mmoja mmoja. Hakuna aliyegusa neno la picha mpaka maziwa yakaisha. Kiswahili chake ni kidogo, mengi alitafsiri Gidahosh.

Nikaifungua karatasi mbele yake, nikaweka mawe kwenye pembe. Ameinama. Amekaa ameinama muda mrefu, halafu amecheka.

"Ni dada," amesema Gidahosh akitafsiri, "lakini anasema ni dada wa kabla hawajaitwa kukatwa chale. Anasema ndivyo alivyokuwa walipokuwa wanachunga ndama."

Nilitaka kuomba radhi, Gidahosh akanizuia kwa mkono. Mama Konsolata alikuwa ameshachota ulezi kwenye ungo. Akachukua punje moja kwa ncha ya kidole, akailaza kwenye karatasi, chini ya jicho la kulia. Akachukua nyingine. Hakutazama kwingine kokote. Punje kwa punje, kuzunguka jicho, safu ya ndani kwanza, halafu ya nje. Mahali pamoja kwenye pembe ya jicho la kushoto aliruka nafasi. Gidahosh alimwambia amesahau pale. Akatikisa kichwa. Pale, alisema, dada yake alistuka na mama mkataji akakasirika, hakurudia, na pengo likabaki. Gidahosh akashika mdomo. Pengo hilo amelikumbuka. Alikuwa akiliwekea kidole alipokuwa mtoto anabebwa.

Mimi niliyekuja na kalamu na daftari la kuhesabia safu sikuandika kitu. Mzee Halfani alikuwa amesimama na kanzu yake ya matope, akiwafukuza kuku kwa mikono miwili, taratibu, wasije kula uso wa mtu.

Alipomaliza amejiegemeza nyuma. Jua lilikuwa limetoka upande mmoja, na kila punje ilikuwa imeinuka na kivuli chake kidogo, vilevile kama chale zinavyoinuka. Siku zote zile nilikuwa natafuta kivuli hicho kwenye kompyuta. Yule mama wa pichani alikuwa anatutazama. Ule mtazamo wa kutuona hatujui ng'ombe ulikuwepo tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa nimeuondolea mahali pa kukaa.

Nikasimama juu ya kiti nikapiga kutoka juu. Nimemwambia Gidahosh kwamba nikifika nitaziunganisha vizuri, punje zisionekane ni punje. Hapo ameongea kwa ukali kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Usiguse, dada. Iache hivyohivyo. Mwanangu akiuliza ni ulezi, nitamwambia nani aliupanga."

Nimeuliza jina la marehemu. Amenitajia: Udamareg. Nimeona aibu kwamba nimeishi na uso wake tangu Machi bila kuuliza.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, nimemuuliza mama Konsolata amewezaje kukumbuka vile. Nilitaka tu kumsifia. Amejibu maneno machache, na Gidahosh hakuyatafsiri. Nikamtazama. Akajikaza.

"Anasema walikuwa hawana kioo. Zake mwenyewe hajawahi kuziona sawasawa, amezigusa tu. Za dada ndizo alizokuwa akizitazama, na dada alikuwa akizitazama zake." Akaokota punje iliyoanguka. "Anauliza, zake sasa atazipanga nani?"

Nikarudisha kamera shingoni. Nikamwomba, kwa Kiswahili, nikijua atanielewa, akae upande wa mwanga. Akavua kitambaa kichwani, akaweka ungo pembeni, akanitazama.

Ijumaa, 20 Mei

Naumwa mgongo mzima. Mzee Halfani ameleta tangawizi. Kanzu yake mkewe ameshindwa kuitakatisha.

Jumapili, 22 Mei

Mvua imekatika, nadhani ndiyo mwisho wake. Baada ya misa nimefungua studio peke yangu. Nimemchapa Udamareg na ulezi wake, mkubwa, na nimeandika jina lake kwenye faili badala ya namba. Nimefuta wale niliowachora, mwisho na mwisho kabisa. Gidahosh atakuja mnada, na safari hii hatakuta umeme mdogo.

Ya mama Konsolata sijaipitisha brashi. Makunyanzi yapo, ukungu kwenye jicho la kushoto upo, chale zote zipo. Nimeihifadhi kwenye kompyuta. Halafu nimeihifadhi kwenye flashi. Halafu nimeihifadhi kwenye memori nyingine, nikaifunga kwenye pindo la leso, nitaiweka kwenye sanduku langu nyumbani Endasak.

Mzee Halfani amepita kuchukua funguo zake akanikuta. Ameniuliza kopi zote hizo za mtu mmoja ni za nini, na tumehangaika kuzifuta masika nzima.

Nimemwambia aliyekuwa anaujua uso wake alizikwa juma la Pasaka.

Amevuta kiti akakaa. Akaniambia nimtolee na yeye moja, ataiweka kwenye kasha lake la chuma.